Ruzuku ya maziwa ifuate lita, na majina yabandikwe ukutani

Mhariri,

Mwezi uliopita tuliitwa baraza na chifu, na kati ya wale walikuja kuongea kulikuwa na afisa mmoja wa mambo ya mifugo, akasimama akatueleza vile serikali imemwaga pesa kwa wafugaji wa maziwa hapa kaunti yetu, akataja mamilioni, akataja mitambo ya kupoza maziwa, akataja mbegu ya kupandisha ng'ombe ya bei nafuu, na watu wakapiga makofi. Halafu mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, mtoto mgongoni, akainua mkono akauliza swali moja tu, "Ni nani hapa kati yetu amepokea hiyo pesa, asimame tumwone?" Hakuna mtu alisimama. Tulikuwa watu mia na kitu, karibu wote tunafuga, na hata mimi nilibaki nimekaa.

Afisa alijibu kwa heshima, sitamsingizia. Alisema pesa haipewi mtu mmoja mmoja, inapitia kwa vyama, viwanda na miradi, na mwisho inamfikia mkulima. Basi tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza inanifikia kwa njia gani, nikakaa chini na daftari langu na risiti zangu zote nikapiga hesabu, na ndio naomba nafasi kwa gazeti lako niweke hiyo hesabu mbele ya watu. Najua barua ni ndefu, lakini ukiweza usiikate hapo kwa nambari, nambari ndizo barua yenyewe.

Niko na ng'ombe wanne huku miteremko ya Aberdare. Wawili wanakamuliwa saa hii, mmoja amekauka anangoja kuzaa na mwingine bado ni mtamba. Shamba ni ekari moja na nusu, nusu yake nepia, ile nyasi ndefu ya kulisha ng'ombe, ingine viazi na mahindi kidogo ya saileji, yale ya kukatakata na kuhifadhi kama chakula cha ng'ombe, na huku kwetu baridi ikizidi na umande ukiganda nepia inaungua inakuwa nyeusi, kwa hivyo lazima ununue nyasi. Hao wawili wananipa lita 26 kwa siku. Nne zinabaki nyumbani na kwa ndama, 22 zinaenda kwa chama chetu cha ushirika kwa bodaboda saa kumi na mbili asubuhi. Mwezi mzima ni lita 660. Chama kinanilipa shilingi 43 kwa lita, hiyo ni shilingi 28,380, na ukiisikia hivyo unaweza kudhani huyu mama yuko sawa kabisa.

Sasa toa. Chakula cha madukani magunia manne ya kilo 70, kila moja 2,700, hapo ni 10,800 na sijalipa cash, nachukua kwa agroveti ya chama wanakata kwa maziwa. Nyasi beli 30 kwa 300, elfu tisa. Chumvi ya kulamba na madini 600. Kijana wa kunisaidia kukata nepia na kusafisha zizi 4,000, na si kila siku anakuja. Usafiri wa maziwa shilingi tatu kwa lita, 1,980. Jumla 26,380. Nabaki na elfu mbili. Elfu mbili kwa mwezi wa kuamka saa kumi na nusu usiku kila siku, Jumapili, Krismasi, siku ya matanga, ng'ombe hajui kama kuna matanga. Na hapo sijahesabu daktari, ng'ombe akishikwa na ndigana sindano zake peke yake zinamaliza hiyo elfu mbili na kunidai ingine, na sijahesabu kiwele kikivimba na maziwa kumwagwa siku nne au tano juu ya dawa.

Kuna watu watasema basi acha ng'ombe. Siwezi kuacha, hao ng'ombe ndio wamelipa fee ya watoto watatu, na mbolea yao ndiyo inafanya viazi vimee, na ile elfu mbili ingawa ni kidogo inakuja kila mwezi, viazi havikuji kila mwezi. Nasema tu iko vile iko.

Sasa kuna ile bei ya shilingi 50. Kila mtu anakumbuka, Rais William Ruto aliagiza New KCC, kile kiwanda cha maziwa cha serikali, ianze kulipa wafugaji shilingi 50 kwa lita kuanzia tarehe 1 Machi 2024, kutoka 45. Tulifurahi sana, hata majirani zangu waliokuwa wanafikiria kuuza ng'ombe walingoja. Lakini hiyo amri ni ya New KCC juu ni shirika la serikali. Haifungi viwanda vingine, na chama chetu kinauza kwa kiwanda kingine ambacho kinapanga bei yake, na hata huko kwa wale wanapeleka New KCC kupitia chama, ile 50 inatoka kwa kiwanda ikifika kwa chama, halafu chama kinatoa ya kupoza, ya gari, ya karani na ya mkopo wa stima, ndipo inakuja kwako. Kwa hivyo ukisikia kwa redio mkulima analipwa 50, kuna mkulima analipwa 50 kweli na kuna mwingine kilomita nne kutoka kwake analipwa 43, maziwa ni yale yale, nyasi ni ile ile, mvua ni moja. Na pesa ya serikali inayosaidia hiyo bei isimame inatoka kwa kodi yetu sisi wote wawili.

Nikafanya hesabu ingine. Kama mimi pia ningelipwa 50 ningeongeza shilingi saba mara lita 660, hiyo ni 4,620, ningebaki na 6,620 badala ya elfu mbili. Hapo ningepumua. Lakini ngoja. Kuna wakati, mwaka wa 2022, gunia la chakula nilinunua kwa 3,400. Ikirudi hapo, magunia manne yananiongezea gharama ya 2,800, na beli ya nyasi wakati wa kiangazi inafika 400, hapo ni elfu tatu juu. Jumla 5,800, kwa hivyo hiyo bei nzuri ya 50 imeliwa yote na mimi niko chini kuliko saa hii, na gazeti bado litaandika mkulima analipwa 50. Hapo ndipo nilielewa kitu nilikuwa sijawahi kuelewa kwa miaka yote nimefuga, kwamba bei ya maziwa peke yake haikwambii kitu, kinachokwambia ni ile nafasi inabaki kati ya maziwa na chakula. Mwaka huo huo wa 2022 serikali ilikubali malighafi ya chakula cha mifugo iingizwe bila ushuru, mahindi ya manjano, soya, mashudu, ikisemwa bei itashuka. Huo msamaha ulipewa wenye viwanda vya chakula. Mimi kwa agroveti niliendelea kulipa ile ile 3,400 miezi mingi, na sikuwa na mahali pa kuuliza ushuru uliosamehewa umeenda wapi.

Niseme mahali nilipata hii fikira, isije ikaonekana nimejitungia. Mtoto wa ndugu yangu anakaa Marekani, jimbo la Minnesota, kaunti inaitwa Stearns, ambayo inajulikana huko kwa ng'ombe wa maziwa. Yeye si mfugaji, anafanya kazi ya kutunza wazee, lakini kuna mwenzake kazini ambaye bwanake anafuga. Alipokuja nyumbani Desemba nikawa namlalamikia mambo ya maziwa, akaniambia, "Tata," yaani shangazi, "kwani nyinyi hamlipwi ile tofauti?" Nikamuuliza tofauti gani. Akanieleza vile kwao kuna mpango wa serikali kuu, uliingia na sheria ya kilimo ya mwaka wa 2018, ambapo kila mwezi wanachukua bei ya maziwa wanatoa gharama ya mahindi, soya na nyasi ya lusani, na kile kinabaki ndicho wanaangalia. Mfugaji anajiandikisha kila mwaka, analipa ada ya dola 100, halafu juu yake senti 15 kwa kila ratili mia za maziwa, hizo ni kama kilo 45, na hapo amejihakikishia nafasi ya dola 9.50 kwa kila hizo ratili mia. Ikishuka chini ya hapo, serikali inamlipa ile tofauti. Mwezi wa saba mwaka wa 2023 ilishuka hadi dola 3.52, na waliokuwa wamejiandikisha walilipwa.

Na kuna mpaka. Hiyo ada ya chini ilikuwa ya ratili milioni tano za kwanza kwa mwaka, na sheria ya 2025 ikapandisha ikawa milioni sita. Kwetu hiyo ni maziwa mengi ajabu, lita zaidi ya milioni mbili na nusu, lakini maana yake ni kwamba mwenye ng'ombe elfu tano hawezi kuja akamaliza mfuko wote kwa ile bei rahisi.

Lakini si hiyo ndiyo ilinifanya chai ipoe mkononi. Kijana alitoa simu, akaandika jina la hiyo kaunti yake, na ikafunguka orodha. Jina la shamba, mwaka, dola ngapi. Shamba la jirani ya huyo mwenzake, liko hapo. Kuna shirika la raia linaitwa Environmental Working Group, lilidai hizo rekodi kwa serikali kwa sheria yao ya habari, likaziweka kwa intaneti, na zinaanzia mwaka wa 1995. Mtu yeyote anafungua. Mimi nimekaa na bibi kizee jirani yangu kwa jiko ya kuni huku Aberdare na tunaona serikali ya Marekani imelipa nani pesa ya maziwa kaunti ya Stearns, na hatujui ya kwetu imelipwa nani.

Sitaki mtu aseme naisifu Marekani. Hata huko hiyo pesa haijazuia wadogo kuisha. Wisconsin, jimbo jirani, lilikuwa na mashamba ya maziwa zaidi ya elfu kumi mwaka wa 2014 na miaka kumi baadaye hayakufika elfu sita, na wengi waliofunga ni wale wa ng'ombe hamsini, sitini, ambao kwao ndio wadogo. Nachukua vitu viwili tu, kuangalia nafasi kati ya maziwa na chakula, na kuweka orodha wazi.

Sisi pia si mara ya kwanza serikali kuweka mkono kwa maziwa. Watu wa umri wangu tulikunywa maziwa ya Nyayo shule ya msingi, yale ya pakiti ya pembe tatu, mpango ulioanza 1979, na pamoja na kwamba tulikuwa tunakunywa bure yalikuwa ni soko la mfugaji, serikali ndiyo mnunuzi. Kulikuwa na josho la serikali la kuogesha ng'ombe dawa ya kupe karibu kila kata, na mtu wa kupandisha ng'ombe alipita na gari barabarani, unafunga ng'ombe kwa kibanda unangoja. Halafu miaka ya tisini hayo yote yakatolewa moja moja, 1992 biashara ya maziwa ikafunguliwa, KCC ambayo ilikuwa imekuwako tangu 1925 ikaanguka, ikauzwa mwaka wa 2000, ikarudishwa kwa serikali 2003 ikaitwa New KCC. Wazee wengi waliacha ng'ombe wakati huo. Kwa hivyo msaada wa serikali si kitu geni na mimi siuogopi, wala siko upande wa wale wanasema soko liachwe lijipange. Soko lilijipanga na tuliona.

Kinachonisumbua ni vile siku hizi msaada unakuja kwa umbo ambalo haliwezi kushikwa na mkono. Januari 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitoa shilingi milioni 500 New KCC inunue maziwa yaliyozidi igeuze unga, na bei ikawekwa 33. Hiyo ilisaidia, maziwa yalikuwa yanamwagwa. Lakini jaribu kufuata hiyo milioni 500 hadi kwa mama wa lita nane huku mlimani. Utaifuata hadi kwa kiwanda, hapo inaingia ndani ya unga na inakupotea.

Au chukua mitambo ya kupoza. Kwa kituo kimoja nakifahamu, si mbali na mimi, uliletwa mtambo mkubwa mzuri, siku hiyo kulikuwa na mahema na viti, tukaimba. Mtambo unataka stima ya fezi tatu. Kituo kina stima ya kawaida. Imekuwa miaka miwili, bado una plastiki yake, kuku wanalala juu, na maziwa ya jioni ya hao watu yanauzwa kwa wachuuzi kwa 35 juu hayawezi kufika asubuhi bila kuharibika. Lakini kwa kitabu huo mtambo umehesabiwa, umesaidia wakulima mia tatu na kitu. Nikisikia mamilioni kwa baraza nafikiria hao kuku.

Sasa mtu ataniuliza, wewe mama unataka nini. Nataka pesa ya ruzuku ifuate lita. Kila lita ikipimwa kwa mizani ya chama iko na risiti, siku hizi mizani nyingi ni za dijitali, unapata meseji hapo hapo umeleta kilo ngapi. Rekodi iko. Nambari ya simu iko. Na serikali yenyewe ishatuonyesha inaweza, kwa mbolea. Tuliandikishwa na chifu na wasaidizi wake, jina, kitambulisho, shamba ukubwa gani, na wakati wa kupanda ukifika meseji inaingia kwa simu yako wewe, inakwambia una mifuko mingapi, unaenda depo ya NCPB, ile bodi ya nafaka ya serikali, unalipa 2,500 kwa mfuko unabeba. Ilikuwa na shida zake, ndio, kuna mbolea mbaya ilipita 2024 na nchi nzima ikajua. Lakini angalia, kwa nini nchi nzima ilijua? Juu kila mtu alikuwa na meseji yake na mfuko wake mkononi, akaona kilicho ndani, akapiga kelele. Ingekuwa imepitia kwa kiwanda hakuna mtu angeona kitu.

Basi kwa maziwa iwe hivyo. Bodi ya Maziwa iko, ipo tangu 1958, iwe ikitangaza kila mwezi bei ya wastani ya lita na bei ya gunia la chakula na beli ya nyasi, na nafasi ikibana kupita mahali fulani, kila mfugaji aliyepeleka maziwa apate shilingi kadhaa kwa lita kwa simu yake. Na iwekwe mpaka, mimi nasema lita hamsini za kwanza kwa siku, baada ya hapo mtu ajisimamie. Inasemwa kila mara kwamba asilimia kama 80 ya maziwa ya Kenya yanatoka kwa sisi wadogo, na nchi inatoa kama lita bilioni tano kwa mwaka. Kama sisi ndio 80, mpaka wa lita hamsini haumwachi mtu mwingi nje. Miezi nafasi ikiwa pana, serikali isilipe kitu, hata sisi hatutauliza. Aprili na Mei mvua ikinyesha nyasi ni ya bure.

Kuna shida moja hapa na nisipoisema mimi hakuna mwanamume ataisema kwa gazeti. Akaunti ya chama nyingi ziko kwa jina la mzee. Mwanamke ndiye anakamua, ndiye anaosha mkebe, ndiye anajua ng'ombe gani hajala, lakini nambari ya uanachama ni ya bwana na meseji inaenda kwa simu ya bwana. Maziwa ya asubuhi yanaenda chamani, ni ya mzee, ya jioni ndiyo mama anauza kwa jirani na hoteli apate sukari na sabuni. Yangu ilikuwa kwa jina la mzee wangu hadi 2019, na hakuwa mtu mbaya, Mungu amrehemu, ni vile tu mambo yalikuwa. Alipofariki ilinichukua miezi saba kubadilisha, nikipeleka maziwa kila siku na pesa imekaa huko siwezi kuigusa, nikakopa kwa kina mama wa chama chetu cha merry-go-round ndio ng'ombe wakakula. Ukisema ruzuku ifuate lita bila kuangalia hili, itafuata lita hadi kwa mtu ambaye hakukamua. Kwa hivyo kabla ya kuanza, vyama viruhusu majina mawili kwa akaunti moja na simu mbili zipate meseji. Haihitaji sheria, ni fomu tu.

Na wale hawapeleki kwa chama kabisa? Ni wengi, maziwa mengi ya nchi hii bado yanauzwa mabichi kwa mlango, kwa hoteli na kwa wachuuzi wa pikipiki. Hao hawana risiti na mpango wangu utawaacha. Nimefikiria sana na sina jibu zuri, isipokuwa najua ninachoona, kwamba mtu anauzia mchuuzi juu mchuuzi analipa leo na chama kinalipa tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Shilingi mbili tatu za serikali juu ya lita ya chama zingevuta wengi warudi, hasa wale walio karibu na barabara. Wale wa ndani kabisa, kule gari haifiki, wanahitaji barabara kwanza kabla ya ruzuku.

Nikirudi kwa orodha. Baadhi ya watu niliongea nao, hata mwenyekiti wa chama chetu ambaye namheshimu, walisema ukibandika majina na pesa utaleta wivu na wezi. Nimelisikia hilo. Lakini majina ya watoto waliopata basari hubandikwa ukutani, jina, shule, shilingi ngapi, na hakuna mtoto ameibiwa. Kinyume chake, ndio tuliona familia moja yenye gari mbili imepata mara tatu, na mwaka uliofuata haikupata. Ya maziwa ibandikwe kwa ofisi ya chifu na kwa kituo cha maziwa, wadi kwa wadi. Chama gani kilipewa mtambo, wa lita ngapi, unafanya kazi ama haufanyi. Kiwanda gani kilisamehewa ushuru wa kiasi gani. Ndiyo, na viwanda pia, kwani hiyo si pesa yetu? Kama mimi naweza kutajwa kwa shilingi elfu moja mia tatu, mwenye kiwanda naye atajwe kwa milioni zake.

Ufugaji ulipelekwa kwa kaunti na Katiba ya 2010, iko kwa ile Ratiba ya Nne, kwa hivyo hii si kitu ya kungoja Nairobi peke yake. Bunge la kaunti linaweza kuagiza orodha wiki ijayo likitaka. Na Katiba hiyo hiyo kifungu cha 35 kinasema raia ana haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na kuna sheria ya 2016 inayoeleza jinsi ya kuomba na kwamba ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Msichana wangu wa mwisho, ambaye yuko chuo, ndiye alinionyesha, tukasoma pamoja mezani usiku.

Basi Jumatatu iliyopita, baada ya kukamua, nilipanda matatu nikaenda ofisi ya kaunti ya mambo ya mifugo na barua ya ukurasa mmoja. Nimeuliza vitu vitatu tu. Kwa miaka mitatu iliyopita kaunti imetumia shilingi ngapi kwa ruzuku ya maziwa ya aina yoyote, ni vyama na watu gani walipokea, na mitambo ya kupoza iko mingapi na mingapi inafanya kazi. Karani alikuwa kijana mpole, alisoma yote, akaniuliza mama uko na shida gani, nikamwambia sina shida, nataka kujua. Aliipiga muhuri akanipa kopi. Nimeiweka kwa bahasha moja na risiti zangu za maziwa, na siku 21 zikiisha nitakuandikia tena, jibu likuje ama lisikuje.

Mfugaji, miteremko ya Aberdare